Mlango wa Mama Mokami

Soko la Tarime lilikuwa limefurika siku Wegesa alipogongana na Elibariki. Alikuwa amejitwika godoro, gauni lake la maua limelowa jasho, na mfuko wa nyanya wa kijana wa watu ukapasuka chini.

"Dada, unahama?"

"Godoro la mama. Kiharusi kimemlaza. Nisamehe nyanya zako."

"Nyanya nimesamehe. Mgongo wa mama je, hauna vidonda?"

Kumbe alikuwa nesi, mtu wa Moshi aliyepangiwa kazi huku. Jioni ile ile alifika kwao Nyamisangura, shati jeupe limenyooshwa, akamfundisha Wegesa kumgeuza mama yake, Mama Mokami, kwa shuka, mmoja huku, mmoja kule. Tangu hapo kila jioni alikuja. Juu ya kitanda cha mgonjwa macho yao yakaanza kutafutana, hata mama, mdomo umepinda, akawa anacheka kwa upande mmoja.

"Mpenzi, umekula?" Elibariki aliuliza kwenye simu.

"Nimekula uji aliobakiza mama."

"Basi nikuoe haraka, utakufa njaa wewe!"

Akapeleka posa. Heche, baba mdogo wa Wegesa, akaipokea. Ndugu wakaja, wakala, wakapiga vigelegele, wakaenda zao. Nyie mabinti mnaosoma hapa, kama kwenu kuna mgonjwa, ulizeni kabla ya vigelegele nani atabaki kumgeuza. Wegesa hakuuliza.

Kuanzia posa, Elibariki hakuingia tena. Wegesa akapiga simu kwa hasira.

"Umeshapata ulichotaka, eti? Mama ana kidonda kiunoni! Peke yangu simwezi!"

"Wege, nimekatazwa. Baba mdogo kanivuta pembeni. Sasa mimi ni mkwe, na huku kwenu mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, sembuse kumshika mwili. Nilidhani unajua."

Alikuwa anajua, tangu utotoni. Furaha ndiyo ilimsahaulisha.

Akaenda kwa Heche. "Shikamoo baba mdogo. Basi njooni nyie mnisaidie."

"Marahaba. Kumwosha mama ni kazi ya binti. Sisi wanaume tutamshikaje?"

Kidonda kikaanza kunuka. Jioni Wegesa akapiga tena. "Uko wapi?"

"Hapa nje, kwenye ua wenu. Huwa nakuja nakaa tu."

Akatoka, kitenge kina madoa ya dawa.

"Eli, vunja uchumba."

"Nini?"

"Rudisha neno lako mbele ya wazee. Usiwe mkwe. Uwe nesi."

"Wege, hawatanipokea mara ya pili."

"Najua."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakuwa upande wa pili wa kitanda."

Elibariki akaenda kwa wazee, akarudisha neno lake, akatukanwa, akarudi. Alipoinama mlangoni, Mama Mokami alivuta shuka kwa mkono wake mzima, akajifunika uso.

"Mkwe?" akanong'ona.

"Hapana, mama," Wegesa akajibu. "Ni nesi tu."

Wakashika shuka, mmoja huku, mmoja kule. Safari hii kila mmoja alitazama mikono yake.