Mwenyeji wa Bandari ya Karibu

Mzee Djamali alianza kunyamaza mahali ambapo hakuwahi kunyamaza.

Hadithi yake kila mtu wa bandari ya Karibu aliijua: jinsi alivyofika ukingo huu wa mto Lualaba akiwa kijana, pori tupu, akafyeka, akagawa viwanja kwa wavuvi na wachuuzi wa mawese, na mji akauita Karibu kwa sababu hakumkatalia mtu. Aliisimulia kibarazani kila mchana. Sasa alikuwa akiisimulia chumbani, peke yake, mlango umefungwa, na akifika pale pa kushuka mtumbwini hunyamaza kama anayesahihishwa, kisha husema, "Ndiyo. Samahani. Ni wewe ulisema."

Binti yake Aziza alikuja kutoka Kasongo kumchukua. Mwanawe Sifa na wadogo zake aliwaacha kwa jirani, akidhani ni uzee tu. Alipofungua chumba alikuta harufu ya matope mabichi, ilhali kiangazi kilikuwa kimekausha hata kisima. Mkeka umelowa. Chakula cha jana hakijaguswa, na miguu ya mzee ilikuwa ya baridi, imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda mtoni. Aziza aliona wazi kwamba akimwacha hapa, safari ijayo atakuja kuzika.

Alimtoa nje kibarazani apate jua, akamwambia waondoke. Mzee alitikisa kichwa.

"Sijapewa ruhusa," alinong'ona. "Siku ile hapakuwa na mutu, Aziza. Nilishuka, nikapiga hodi kwa mazoea tu. Pori likajibu, 'Karibu.' Nikacheka, nikaingia."

Aziza hakuwa mtu wa kulia. Aliagiza aitwe Mwalimu Nourdine, ambaye alikuwa ametoa majini katika nyumba nyingi mpaka kule Wamaza. Mwalimu alifika na ubani wake, akavua viatu, akasimama mbele ya mlango wa chumba na kupiga hodi, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Akajibiwa, "Karibu," kwa sauti nzito yenye maji ndani yake, na Mzee Djamali alikuwa bado kibarazani, mkono wake mkononi mwa binti yake.

Mwalimu alirudi kinyumenyume, akavaa viatu.

"Amenikaribisha," alisema chini chini. "Mimi nami sasa ni mugeni wake. Nitamutoa namna gani kwake?"

"Basi mzee afe?"

"Mugeni anaaga, Mama Sifa. Muage kwa heshima, muende."

Kwa hiyo Aziza alimsimamisha baba yake mlangoni, naye mzee akashukuru kwa ardhi, kwa samaki, kwa miaka yote, akaomba ruhusa ya kwenda. Na ndani mkeka ukalia kama kuna mtu anayeinuka, na nyayo zilizolowa zikaja sakafuni polepole, zikawapita pale waliposimama, zikatangulia nje.

Chadrack wa pikipiki aliwapakia akicheka kwamba mzee amekuwa mwepesi kama mfuko wa mihogo mikavu. Walipoanza kupanda kutoka mtoni hakucheka tena. Alilalamika kwamba tairi la nyuma limelala, akashuka, akaliminya, likawa gumu. Wakaendelea, na harufu ya matope ikaendelea nao, kupita mashamba, kupita vumbi la barabara kuu, mpaka mabati ya Kasongo yakaonekana, na ndipo Aziza alipokumbuka kwamba mwenyeji mwema humsindikiza mgeni wake, na kwamba ni juu ya mgeni kumwambia inatosha. Hakugeuka. Alisema kwa adabu yote aliyokuwa nayo:

"Asante, umetufikisha. Urudi sasa."

Pumzi ya baridi ilimgusa kisogoni.

"Bado, binti yangu. Acha nifike, nipajue kwenu. Hata wajukuu sijawaona."