Wati Mia Zisizo na Mwenyewe

Balbu ilikuwa inawaka, lakini kioo chake kilikuwa baridi.

Felisita, nesi wa zahanati ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba karibu na Dutwa, aliigusa tena, safari hii kwa kiganja kizima. Baridi kama mtungi wa maji. Balbu hiyo ya wati mia ilining'inia ndani ya sanduku la mbao, na chini yake alilala mtoto wa Nyanjige, aliyezaliwa juzi kwa mimba ya miezi saba. Joto la balbu ndilo lililomweka hai. Sasa midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka 1974. Felisita alimwita Januarius, fundi umeme wa kiwanda.

"Umeme upo, fundi. Joto ndilo halipo."

Januarius alidhani waya umelegea. Akapima volti kwenye soketi ya balbu: mia mbili ishirini, sawasawa. Akaunga mita ya ampea. Balbu ya wati mia kwenye volti hizo hula ampea sifuri nukta nne tano. Hilo alilijua bila karatasi. Mshale ulisimama kwenye sifuri nukta tisa.

Alizidisha volti kwa ampea kichwani, akarudia, halafu akaandika kwa penseli kwenye ubao wa sanduku.

"Sista," alisema polepole, "humu zinaingia karibu wati mia mbili. Mia ni za balbu."

"Na mia nyingine?"

Aliinama kufuata nyaya. Hakuna kitu kingine kilichoungwa. Palikuwa na harufu tu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, na mlio mdogo, kama wa mtu anayefyonza mchuzi wa moto.

Felisita alimtoa mtoto, akamkumbatia kifuani ndani ya gauni. Januarius akachomoa balbu. Mshale ulipaswa kuanguka hadi sifuri. Ulishuka hadi nukta nne tano ukakaa hapo, na soketi ikiwa tupu.

"Zima," Felisita alinong'ona. "Zima swichi!"

Alizima. Papo hapo kichwa cha mtoto kikalegea begani kwa nesi, na kifua chake kikaacha kupanda.

"Washa! Washa, anakufa!"

Swichi ilipowashwa, mtoto alivuta pumzi. Felisita na Januarius walitazamana.

"Nikikinyima hiki kitu umeme," Januarius alisema, "kinamgeukia mtoto."

Mlangoni alikuwa amesimama Milembe, mama mzazi wa Nyanjige, mganga kutoka Migato. Tangu juzi Felisita alikuwa amemkataza kuingiza dawa zake mle ndani. Sasa alimpisha njia. Bibi yule alinusa hewa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mayu, hiki ni nini?" Januarius aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hapa palikuwa na kaya ya watu," Milembe alijibu kwa sauti ya chini. "Mwaka jana mliwahamishia kijiji cha ujamaa, mkabomoa nyumba, mkamwaga maji motoni. Aliyekuwa akikaa nao jikoni hakuna aliyemhamisha. Ana baridi."

"Jini?"

"Wenye maduka pale Dutwa wanamwita hivyo. Sisi hatumwiti." Alimtazama mjukuu wake. "Akipewa chakula kingi kuliko anavyoweza kumeza, ataachia. Wewe ndiye unayekijua chakula chake, fundi. Anakula kiasi gani?"

Januarius alichukua penseli. Volti mia mbili ishirini, gawanya kwa nukta nne tano: ukinzani wa omu mia nne themanini na tisa. Kiumbe kisichoonekana kilikuwa na namba, kama pasi, kama jiko. Na kama namba hiyo ingebaki vilevile huku volti zikipanda, ampea nazo zingepanda. Ubao wa fyuzi ulikuwa na fezi zote tatu kwa ajili ya pampu ya maji. Fezi mbili kwa pamoja zingetoa volti mia tatu themanini. Akapiga hesabu. Karibu wati mia tatu.

"Naweza kumpa mara tatu," alisema.

"Mpe."

Bila kuzima swichi, aliuandaa waya wa fezi ya pili uchukue nafasi ya nyutro, kwa mikono iliyolowa jasho ingawa pumzi yake ilikuwa ikitoka kama moshi katika baridi iliyokuwa imejaa chumbani, akisikia nyuma yake mfyonzo ukiongeza kasi kana kwamba kile kitu kimejua kinachoandaliwa, na Felisita akihesabu pumzi za mtoto kwa kunong'ona, na Nyanjige akiuliza kutoka kitanda chake cha uzazi pembeni kwa nini mwanawe halii, mpaka akaing'oa nyutro na kuusukuma ule waya mahali pake kwa mpigo mmoja.

Mshale uliruka hadi nukta saba nane. Sanduku likatetemeka. Mfyonzo ukakwama, ukageuka kikohozi, kisha ukelele mwembamba uliopasua kioo cha dirisha, na chumba kizima kikajaa joto la mchana.

Mtoto akalia. Alilia kwa nguvu, mwekundu, mwenye hasira, na Felisita akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ameachia?" Milembe aliuliza.

Januarius alikuwa akiitazama mita. Mshale ulikuwa umeanguka hadi sifuri, halafu ukapita, ukaenda upande wa pili, jambo ambalo mita ya namna ile haiwezi kulifanya. Umeme haukuwa ukiingia sandukuni. Ulikuwa ukirudi, na yule mwenye njaa pamoja nao.

Aliufuata waya kwa macho kupitia dirishani, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo, nguzo hadi nguzo, hadi kiwandani, walimokuwa watu arobaini kazini. Jenereta ya kiwanda iliyokuwa ikinguruma tangu alfajiri ilishusha sauti, kama mtu aliyetwishwa mzigo.

Salu, mwendesha jenereta, alitoka chumba cha mashine akivuka uwanja na kupiga kelele.

"Fundi! Nani kawasha mashine nyingine? Na mbona mle ndani kuna baridi hivi?"

Januarius alidondosha mita, akaanza kukimbia.