Mnyweshaji wa Wodi ya Figo

Mizani haina undugu na mtu. Asubuhi ile ilisema Mama Mapacha ameongezeka kilo tatu tangu jana. Mama Kipimo, muuguzi wa zamu katika wodi ya figo, alimshusha, akaigonga mizani kwa kiganja, akampandisha tena. Kilo tatu zile zile.

Jina la Mama Kipimo alibandikwa na wagonjwa. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupima: maji yanayoingia, kwa kikombe, mkojo unaotoka, kwa jagi la plastiki lenye mistari, yote akiyaandika kwenye chati miguuni mwa kitanda. Mtu ambaye figo zake zimegoma, maji hayana pa kutokea. Hujaa miguuni, hupanda tumboni, mwishowe huingia mapafuni na kumzamisha mwenyewe akiwa juu ya shuka kavu. Kwa hiyo Mama Mapacha aliruhusiwa nusu lita kwa siku, basi. Figo zake zilikufa wiki aliyojifungua, na wanawe wawili, wenye miezi minne sasa, walikuwa kwa bibi yao. Ijumaa kaka yake, mchomelea vyuma, angempa figo moja. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Mdogo wangu," Mama Kipimo alisema, akiubonyeza mguu wake na kuona kidole kimeacha shimo, "nani amekupa maji?"

Mama Mapacha alimtazama kama mtu anayetaniwa. "Si wewe, Sista? Jana mchana. Jagi zima. Ukaniambia kunywa, leo umeruhusiwa."

Jana mchana Mama Kipimo alikuwa nyumbani, siku yake ya mapumziko, akifua sare.

Damu ikichafuka, akili huzurura. Hilo analijua kila muuguzi wa figo. Angeliachia hapo, ila Babu Utani, dereva wa treni mstaafu wa kitanda cha pili, alidakia. "Mimi ulinipita hata salamu hukunipa. Nikasema, humu mna upendeleo, wazee tunanyimwa." Alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Ila gauni lako lilikuwa linachuruzika, Sista. Sakafu nzima. Nikajiuliza umetoka kuoga na nguo?"

Siku hiyo Mama Mapacha alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu saa nne nzima, wakamtoa yale maji.

Jumanne, saa nane mchana, wageni walikuwa wameshaondoka na wodi imelala. Jua limepiga madirishani, hata nzi wametulia. Mama Kipimo alikuwa mezani kwake nje ya mlango, akijaza chati, aliposikia ndoo ikipiga maji. Si ndoo ya chooni. Ilikuwa sauti ya mbali, ya chini sana, kama ndoo inayoshushwa kwa kamba mahali penye giza, na nyuma yake ikaja harufu ya kuvu na tope la miaka. Aliinuka. Ndani, wagonjwa walikuwa wamelala chali, na watatu kati yao midomo imelowa. Sakafuni palikuwa na maji, kutoka kitanda hadi kitanda, nyayo za viatu vya mpira, saizi yake mwenyewe.

Jioni metroni alimwita. "Watatu wamekutaja kwa jina," alisema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nimekujua miaka mingi. Lakini mmoja wao yuko kwenye oksijeni sasa hivi. Likijirudia, nitaandika barua kwa wakubwa."

Mama Kipimo hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa fundi wa mashine, kwenye chumba cha matangi nyuma ya jengo la dobi, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtu wa maji pale hospitalini. Alimkuta amekaa juu ya debe, spana mkononi, hafanyi kitu.

"Nilikuwa nakungoja, dada yangu," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Hebu niambie kama na wewe umeisikia ndoo."

Akamweleza. Wiki mbili nyuma mabomba ya mji yalikauka, na mashine za damu haziwezi kukaa bila maji, hivyo wakubwa waliamuru kile kisima cha zamani kifunguliwe. Kilikuwa kimezibwa kwa zege tangu kabla ya hospitali kujengwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Fundi mwenyewe ndiye aliyelivunja. "Babu yangu alikuwa mganga wa visima. Nikaikimbia kazi yake, nikashika spana. Kumbe kazi imekuja kunikuta hapa."

"Ni nini?"

"Ni mwenye kisima. Jini. Kazi yake ni kunywesha. Hajui kama maji yanaua. Kila anayemwomba ni mgeni wake, na kila mgeni aliyekunywa akafa huwa mtu wake huko chini. Sasa fikiria humu ndani. Watu kutwa kucha wanaomba maji. Wanamwita, dada."

"Mbona sura yangu?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Wewe ndiye wanayemwomba maji kila siku."

Walikubaliana Alhamisi, siku moja kabla ya upasuaji. Fundi angekifunga kisima kwa maneno aliyoachiwa na babu yake. Maneno yakianza, mwenye kisima angepanda juu kutafuta mtu wa kumkaribisha. Mama Kipimo asimame katikati ya wodi na kumkatalia mara tatu. Mgonjwa yeyote asiombe wala asipokee. "Akikosa mgeni, atarudi mikono mitupu. Akipata hata mmoja, ataondoka naye."

Jumatano Mama Kipimo aliwanong'oneza mmoja mmoja, kitanda kwa kitanda. Hakuna aliyemcheka, walikuwa wameshaziona nyayo. Babu Utani tu ndiye aliyesema, "Kutotaja maji siku nzima? Mimi nimeacha sigara mara kumi na mbili. Hilo litanishinda?"

Alhamisi saa nane ilifika na jua lake. Mama Kipimo alisimama kati ya safu mbili za vitanda. Metroni, aliyeambiwa yote na hakuyaamini, alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Huko nyuma ya dobi sauti ya fundi ilianza, chini kwa chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ndoo ikagonga maji. Harufu ya tope ikajaa.

Kisha mlango ukasukumwa na Mama Kipimo akajiona akiingia, gauni lake jeupe limemgandama mwilini kwa maji, kofia yake, saa yake kifuani, hata kovu lake la kidevuni, na mikononi jagi lake lenye mistari likiwa limejaa hadi ukingoni maji maangavu yasiyotikisika, na papo hapo kiu ikamshika, kiu ambayo hakuwahi kuijua, ulimi ukageuka gunzi, koo likashikana, na ndipo alipoelewa kile alichokuwa akiwanyima watu miaka yote kumi na tisa kwa kalamu na chati.

"Una kiu," ile sura ilisema kwa sauti yake.

"Sina," alijibu, na neno likamkwaruza koo.

"Wagonjwa wako wana kiu."

"Hawana."

Ile sura haikukasirika. Ilitabasamu tabasamu lake, lile la kazini, la kumtuliza mtu kabla ya sindano, ikampita ikielekea kitanda cha kwanza, na kila ilipokanyaga maji yalibaki yakimeta, na vitanda vyote vikaanza kulia kidogo kidogo kwa kutetemeka kwa waliolala juu yake, na Mama Kipimo alitaka kuizuia lakini miguu ilikuwa kama imechimbiwa ardhini, akabaki kutazama jagi likiinamishwa taratibu mbele ya uso wa Mama Mapacha, na mkono wa yule binti, mwembamba, wenye alama za sindano, ukiinuka wenyewe kutoka kwenye shuka huku midomo yake iliyopasuka ikifunguka kusema neno.

"Mwache mama wa watoto," Babu Utani alisema. Alikuwa ameketi. "Mimi ndiye niliyepitwa juzi. Lete hapa."

"Babu, hapana," Mama Kipimo alinong'ona.

"Kelele, Sista. Mzigo ukizidi, behewa moja hukatwa."

Jini aligeuka. Mzee alilishika jagi kwa mikono miwili, akanywa bila kupumzika, macho yamefumbwa, koo likipanda na kushuka, na jagi halikupungua hata mstari mmoja hadi alipoliachia. Mama Kipimo alikataa kwa mara ya tatu, lakini hapakuwa tena na wa kuambiwa. Palikuwa na sakafu yenye maji na mzee anayetoa povu puani. Yeye na metroni walimweka oksijeni, wakamkalisha, wakamwita daktari. Walihangaika dakika arobaini, hadi daktari akawaambia waache. Shuka lake lilikuwa kavu kabisa.

Metroni hakuandika barua yoyote. Kisima kilizibwa kwa zege jioni ile ile, maji ya mashine yakawa yanaletwa kwa lori, na fundi akaacha kazi kabla ya mwezi kwisha.

Ijumaa figo ilipandikizwa. Jumamosi asubuhi mpira wa mkojo ulianza kutiririsha tone, kisha matone, kisha mfuko ukajaa, na yule mchomelea vyuma, naye akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alililia mfuko wa mkojo wa dada yake kama mtu anayelilia dhahabu. Wodi nzima ilifurahi. Sasa daktari aliamuru kinyume cha yote: mgonjwa anywe, anywe sana, lita tatu kwa siku, figo mpya ioshwe.

Mama Kipimo alimimina kikombe cha kwanza, akakibeba hadi kitandani, akamnyooshea.

Mama Mapacha alirudisha mikono yake chini ya shuka. Alikuwa akimtazama usoni, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nisamehe, Sista. Najua ni wewe. Kiweke mezani, utoke. Nitakunywa ukishatoka."

Mama Kipimo alikiweka. Akatoka, akafunga mlango, akasimama koridoni akisikiliza, hadi aliposikia kikombe kimerudishwa mezani.