Uzi Mwekundu kwenye Mnara Uliojipinda

Kila jioni baba yake Chiriku alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akaketi barazani na kuipitisha kamba yake mikononi kutoka ncha hadi ncha. Alikuwa msafishaji wa vioo vya maghorofa marefu. Yeye na mwenzake walishuka kutoka paani wakining'inia kwa kamba, ndoo kiunoni. Walikuwa na kanuni moja: anayeichubua kamba, hata kwa bahati mbaya, hufunga kitambaa chekundu pale pale penye kasoro, na hakuna anayemgombeza.

Chiriku naye alikaa karibu akifanya kazi ya shule na kuongea. Walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Juma lile alizungumzia maghorofa tu. Mwalimu wa sanaa alikuwa amewaonyesha picha za majengo ya kisasa kutoka pande zote za dunia. Moja lilikuwa na paa lililotanda kama mbawa, jingine lilikuwa limeota miti kwenye kila roshani. Wanafunzi waligawanywa wawili wawili, kila jozi itengeneze mfano wa jengo moja kwa ajili ya maonyesho ya wazazi siku ya Jumamosi.

"Sisi tumechagua lile lililojipinda, baba. Utadhani mtu amelikamua kama nguo."

"Hilo nikipewa nilisafishe, nitashuka nikizunguka mpaka nipate kizunguzungu," baba alisema, wakacheka wote wawili.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Chiriku hakumwambia.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Kimya, msichana wa maneno machache na mkono mtulivu. Kimya alitamani kuwa msanifu wa majengo, na siri hiyo alikuwa amempa Chiriku peke yake. Yeye ndiye aliyekata sakafu zote za mnara kwa kadibodi. Chiriku alipewa nguzo ya katikati, fimbo nyembamba ya mti ambayo sakafu zingetungwa juu yake kama shanga, kila moja ikigeuzwa kidogo kuliko ya chini yake. Fimbo ilitakiwa isuguliwe kwa msasa taratibu hadi ipite kwenye matundu ya sakafu. Chiriku na taratibu wapi na wapi! Aliisukuma kwa nguvu, ikavunjika katikati. Kimya alikuwa ametoka kwenda kunawa gundi mikononi. Haraka haraka Chiriku aliisugua fimbo juu juu, akaiunga kwa gundi na karatasi nyembamba, akaipaka rangi, akazitunga sakafu zote. Kimya aliporudi aliukuta mnara umesimama, akafurahi sana.

Alhamisi asubuhi mnara ulikuwa umeinama. Mwalimu aliuzunguka akiuchungulia.

"Nadhani sakafu hazikukatwa sawasawa. Nani alizikata?"

"Ni mimi, mwalimu," alisema Kimya.

"Basi zikate upya kabla ya kesho jioni. La sivyo, mnara huu hautakaa kwenye meza ya mbele."

Chiriku, ambaye huongea hata akipiga mswaki, aliitazama nguzo tu. Walipokuwa wakitoka, Kimya alisema polepole, "Nilipima kila moja. Labda nilijidanganya tu na huo usanifu wangu. Mkono huu hauna kitu." Roho ilimsuta Chiriku, lakini aliogopa kumpoteza rafiki yake, akanyamaza.

Jioni baba alimtazama. "Vipi, leo redio imeishiwa betri?"

Chiriku alitikisa kichwa. Baba aliendelea na kamba yake, kisha mikono ikasimama. Palikuwa na kitambaa chekundu.

"Mwenzangu aliikwaruza kwenye ukingo wa paa," alieleza.

"Umemgombeza?"

"Nimgombeze kwa lipi? Angenyamaza, kesho ningening'inia mimi hapo."

Chiriku alikitazama kitambaa, akasimama ghafla na kuvaa viatu. "Baba, nafika kwa kina Kimya mara moja."

"Giza lisikukute huko, mwanangu."

Alimkuta Kimya ameketi katikati ya vipande vya kadibodi, mkasi mkononi, kidole gumba kimetoka lengelenge. Chiriku alipiga moyo konde.

"Acha kukata. Sakafu zako hazina kosa. Mimi nilivunja nguzo, nikaificha."

Kimya aliuweka mkasi chini. Machozi yalimlengalenga. "Uliona nalaumiwa, ukatazama tu?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Leo siwezi," alisema Kimya. "Kesho uje mapema. Mwalimu utamwambia wewe."

Ijumaa Chiriku alimwambia mwalimu ukweli mbele ya darasa zima. Mwalimu alimgeukia Kimya kwanza. "Nisamehe, binti yangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza." Kisha akampa Chiriku fimbo mpya na msasa. Chiriku alisugua mapumziko yote mawili, bila haraka, mpaka vidole vikamuuma. Walizitunga sakafu zilezile za mwanzo, nazo zikakaa sawa hadi juu.

"Zilikuwa sawa," Kimya alinong'ona, akiitazama mikono yake.

Jumamosi mnara ulisimama wima kwenye meza ya mbele. Baba alipokuja, Kimya alimweleza jinsi kila sakafu ilivyogeuzwa, na Chiriku alijibana asimkatize. Baba aliinama kuchungulia. Katikati ya nguzo palikuwa pamefungwa uzi mwekundu.

"Ni pale ilipovunjika ile ya kwanza," alisema Chiriku. "Nilimsimulia Kimya habari za kitambaa chenu."

"Uzi nimeufunga mimi," alisema Kimya, akamshika Chiriku mkono.

Baba aliwatazama wote wawili. "Wanangu, kila fundi hukosea, hata waliojenga yale maghorofa ya kwenye picha. Kosa ukilisema, hurekebishwa. Ukilificha, mwenzako ndiye atakayening'inia juu yake."