Jina Lisilo na Mlango

Ndugu zangu, nasema kwa kifua kipana: mtaani kwetu mtoto hapotei. Mitaa mingine inapoteza kuku, mbuzi, hata waume za watu. Kwetu mtoto akikunja kona tu, jirani keshamwona na mama yake keshapelekewa habari. Hayo ndiyo majivuno yetu. Sasa sikilizeni yaliyotupata.

Kinyozi wetu alipopata mtoto wa kiume, kibanda chake kilikuwa shwari kama maji ya mtungi. Mashine inaunguruma taratibu, poda inanukia, na sisi vijana tumejaa kwenye benchi la nje, wengine tukisubiri kunyolewa, wengine tukifuata kivuli tu. Mama yake kinyozi, ambaye sote tunamwita Bibi, akaja kumwona mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Mtoto atachukua jina la marehemu baba yako?"

Kinyozi akazima mashine, mteja kabaki na nusu kichwa. "Mama, mjukuu wako ni mtoto wa kisasa. Anaitwa Kaiden."

Alilisikia kwenye filamu, likamkaa mdomoni kama peremende. Bibi akalionja. "Kai... Kaide... Hilo jina halina mlango, mwanangu. Linaishia njiani, ulimi unabaki ndani. Watu wakikuta jina la hivyo wanalitoboa wenyewe, na tundu la kutoboa hujui litatokea wapi."

"Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye jina hili, mama."

"Hata mkia, mtaa mzima hakuna mwenye nao. Unautaka?"

Benchi zima tulicheka. Kinyozi hakucheka. Akawasha mashine, mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa tazameni ulimi wetu ulivyo fundi wa kutoboa. Majirani walianza na Kaideni, kama vile mtu anavyosema nyumbani au sokoni. Muuza mkaa akauliza huko Kaideni ni upande gani na kama barabara inapitika. Baadaye watu wakaona uvivu, wakakata mkia, likabaki Kaidi. Na kutoka Kaidi hadi mkaidi, mnajua wenyewe, hakuhitaji nauli. Mtoto hajaanza hata shule, wenzake wana wimbo:

*Kaidi, mkaidi,*
*kaitwa kakaidi,*
*kapewa hafaidi.*

Nani aliutunga, sijui. Nyimbo za namna hiyo huota zenyewe kama magugu.

Na mtoto mwenyewe alikuwa mpole, mpole kupita kiasi. Lakini akimwaga maji kwa bahati mbaya, watu walisema, "Si ndilo jina lake." Siku ya kwanza ya shule mwalimu alimwuliza anaitwa nani, akainamisha kichwa. Wenzake wakamjibia. Mwalimu akasema, "Kumbe hawakukosea," na darasa likacheka.

Mama yake ndiye aliyeona mapema. Jioni moja, akikunja nguo, alimwambia mumewe, "Baba, mtoto siku hizi haitiki."

"Hasikii?"

"Anasikia. Ndiyo maana haitiki."

"Watu watazoea," kinyozi akasema. "Kitu kizuri huchelewa kuzoeleka."

Hawakuzoea kitu. Siku moja mawingu yamefunga, mama akamtuma dukani kununua sabuni. Njia ya dukani inapita mbele ya benchi letu, na watoto walikuwapo, na wimbo ulikuwapo. Mtoto akaona heri azunguke nyuma ya maghala, penye mfereji mpana wa maji machafu. Hakurudi. Mvua ikaanza.

Mtaa mzima tulitoka, hilo siwanyimi sifa. Lakini tulipiga kelele tukiita nini? Tuliita Kaidi, kwa sauti zilezile za wimbo. Baba yake alikimbia hadi kwa wapakiaji wa maghala, akawauliza, "Jamani, hamjaona Kaideni?" Mmoja akamjibu kwa heshima zote, "Kaideni si huku, mzee. Vuka barabara ukaulize mbele." Alidhani mwenzake anatafuta mtaa. Naye kinyozi kwa kuchanganyikiwa akavuka kweli.

Mtoto alitusikia. Alidhani wale waimbaji wamemfuata hadi huko. Akatukimbia sisi tuliokuwa tunamtafuta, akateleza, akaanguka mferejini, paja likavunjika. Alilala pale maji yakipanda, tukapita juu ya daraja tukimwita, naye akaziba mdomo kwa kiganja ili tusimsikie.

Aliyempata ni mvuta mkokoteni aliyejikinga mvua chini ya daraja. Aliona kandambili ndogo inaelea. Hakujua mtoto ni wa nani.

"Mwanangu, uko huko?"

"Niko," mtoto akaitika.

Mguu umepona, lakini umepona mfupi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyekataa kusikia ni baba, guu likavunjika la mtoto. Wamembadilisha jina, wamempa la babu yake. Ukimwita kwa hilo jipya, hageuki, bado hajui ni lake. Ukimwita kwa la zamani, anajikokota kwenda zake. Na Bibi, aliyeyaona yote haya mapema, hajawahi kumwambia mwanawe "nilikuambia". Analia tu.

FUNZO

Wazazi wenzangu wa kesho, jina ni nguo anayovishwa mtu akiwa hana meno ya kukataa. Kabla hujalitoa, lisikie kwanza katika kinywa cha muuza mkaa, cha mwalimu, cha watoto wasio na huruma. Jina geni halina dhambi. Dhambi ni kulipenda jina kuliko atakayelibeba. Nasi majirani, jina la mtoto si mpira wa kupigiana chenga. Aliyeligeuza wimbo alimvunja kabla ya mfereji.

Hapo ndipo nilipoishia kuandika, nikawasomea watu pale kibandani. Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Muuza mkaa akasema nina kipaji. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni, mguu kaunyoosha.

"Umeruka mahali," akasema.

"Wapi, mdogo wangu?"

"Pale unaposema hujui nani aliutunga wimbo." Hakupandisha sauti. "Ulikuwa umekaa hapohapo. Ulipiga benchi kama ngoma, ukawaambia wenzangu waitikie."