Rangi ya Njano Ndani ya Difu

Shemeji yangu tulimbatiza Mdomo Bati, na ni bati la wakati wa mvua: halinyamazi. Siku hiyo jua limewaka vizuri, yeye yuko uani chini ya jipu lake kuukuu, anafunga mwenyewe gea mpya za difu ya nyuma, lile boga la chuma linalozungusha magurudumu. Mpya kwake tu, lakini. Alizing'oa kwenye mabaki ya gari lililoporomoka mlimani pamoja na dereva wake. Muuza chuma chakavu alimweleza kwamba marehemu alikuwa fundi, mkono wake wa kulia una vidole vitatu, na hakuwahi kufunga difu bila kupaka meno ya gea rangi na kuyazungusha kwa mkono, aone yanaumana wapi. Mdomo Bati akacheka. Hayo mambo ya waoga, alisema. Yeye gea anazipima kwa sikio.

Mkewe alikuwa wa kujifungua wakati wowote, na hospitali iko ng'ambo ya mlima uleule. Kesho wangeupanda. Basi bwana mkubwa akaona rangi inamchelewesha. Akabandika mfuniko kwa gundi, akakaza bolti, akamimina oili, akaingia ndani kunywa chai na kukisimulia kikombe sifa zake.

Gari aliliacha juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yananing'inia.

Akasikia gurudumu linazunguka. Polepole. Likasimama. Likarudi nyuma kidogo, kama mtu anapima.

Mkewe akaingia kutoka uani, kajishika kiuno.

"Mbona hukuniambia umeita fundi?"

"Fundi gani?"

"Huyo chini ya gari." Alikuwa ananong'ona, na mwenyewe hajui kwa nini. "Kaniomba kopo la rangi. Nimempa."

Mdomo Bati akatoka. Uani hapakuwa na mtu. Kopo lilikuwa chini ya difu, limefunikwa vizuri. Gundi ya mfuniko wa difu imekauka. Bolti hazijaguswa.

Akafungua.

Meno yote yalikuwa ya njano, isipokuwa nchani, palipokwanguka. Maana yake yalikuwa yanaumana kwa ncha tu. Kwenye ule mlima yangekatika yote, na gari lingerudi kinyumenyume. Alianza upya, akapaka, akazungusha, akapima, mpaka giza likaingia. Bati, kimya.

Kesho yake mlima waliupanda salama. Difu haikulia hata kidogo.

Hospitalini, mkunga alimvua mama gauni. Akamwita mume ndani ya pazia.

"Nani kamshika hapa?"

Tumboni palikuwa na alama ya kiganja, ya njano, vidole vitatu. Mkunga akaisugua kwa spiriti. Haikutoka. Gauni lilikuwa safi, ndani na nje.

Na chini ya alama ile mtoto alikuwa anageuka. Polepole. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo.