Diski ya Tano

Fundi huyu wa kompyuta ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na si mtu wa kupenda hadithi. Asubuhi hiyo alikunywa chai amesimama, akitafuta soksi, huku mama yake akimwandama na lilelile.

"Leo usiniletee maneno. Niletee sauti."

"Mama, sauti si sukari kwamba nitaifunga kwenye karatasi."

"Kaka yako asingeningojesha miezi minane."

Hapo fundi akaweka kikombe chini. Kaka yake alikuwa mtangazaji wa redio. Miaka kumi na minne alisoma matangazo ya vifo vya watu, mpaka siku tangazo lake mwenyewe liliposomwa na mwingine. Ndugu hao walikuwa hawasemeshani. Mkubwa alipenda kuelekeza, mdogo hakupenda kuelekezwa. Basi, ikawa hivyo, na kifo hakikungoja wapatane. Mama macho yalishamwishia, picha hazimfai. Kilichobaki cha mwanawe wa kwanza ni rekodi tu, nazo zilikuwa kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya kuhifadhia, ya redio ileile, ambako fundi naye aliajiriwa.

Seva hiyo ilikuwa na diski sita, zimepangwa kama droo. Zilifanya kazi kwa kubebana: moja ikifa, tano zinabeba mzigo wake. Zikifa mbili, kila kitu kimekwenda. Nakala ya akiba haikuwepo. Meneja alikuwa akiiahidi kila mwezi. Na tangu jana yake, diski ya nne ilikuwa imewaka taa nyekundu, ishara kwamba imekufa. Fundi alipanga aibadilishe kwanza, ndipo anakili sauti ya kaka yake. Kazi ya dakika kumi.

Saa tano asubuhi akaingia chumba cha seva. Baridi. Feni zinavuma. Hakuna dirisha. Akaiweka diski mpya mezani, akashika kishikio cha droo ya nne.

"Siyo hiyo, Kinda."

Jina hilo aliitwa na mtu mmoja tu duniani.

Hakugeuka. Aliitazama taa. Nyekundu, ya nne. Lakini vibandiko vya namba alivibandika mwenyewe, mwaka juzi, kwa haraka. Na taa nazo hudanganya. Na maisha yake yote hakuwahi kumsikiliza kaka yake, hata mara moja.

"Ipi?" akanong'ona.

"Ya tano."

Akaivuta ya tano.

Feni ziliendelea kuvuma. Ule mlio mdogo chini yake, wa diski zikisoma, ukakatika. Taa zote zikageuka nyekundu. Akairudisha upesi; mashine ikaikataa kama mgeni. Alihangaika nayo mpaka jioni. Miaka kumi na minne ya sauti, hakuna.

Nyumbani alisimama mlangoni akitafuta pa kuanzia. Mama akamuwahi.

"Pita, mwanangu. Mkaribishe na mwenzio."

"Niko peke yangu, mama."

Mama alitega sikio kuelekea kiti kitupu, akacheka taratibu, kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia kwa miezi minane. Kisha kikamkauka mdomoni.

"Anasema leo umemsikiliza."

Fundi naye akatega sikio. Akatega mpaka kichwa kikamuuma. Hakusikia kitu, na hadi leo hasikii. Mama anaongea na kiti, yeye anapita na sahani. Wapo wanaosema marehemu alilipiza kisasi. Wapo wanaosema alichoka kufungiwa kwenye bati, akataka kurudi kwao. Mimi sijui, na sidhani kama fundi anajua.

Redioni waliijenga seva upya. Meneja, mkono wake ukiwa mzito kutoa kama kawaida, alinunua diski tano. Nafasi ya tano ikaachwa wazi. Lakini mashine inahesabu sita. Hiyo ya tano inaonyesha ni nzima, inaandika, na kila siku inazidi kujaa.

"Itoe," meneja akaagiza.

Fundi aliingiza vidole kwenye tundu. Hakukuwa na kitu. Ila bati la ndani lilikuwa na joto, kama godoro alilotoka mtu sasa hivi.